Kumpima Mtoto Kabla ya Kumfundisha Nyumbani

Zamani, katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki, mtoto aliyeletwa kuandikishwa ilhali hana cheti cha kuzaliwa alipimwa kwa mkono wake mwenyewe: aliamriwa aupitishe mkono wa kulia juu ya utosi, na ncha za vidole zikiligusa sikio la kushoto alipokewa, zisipoligusa alirudishwa nyumbani akakue. Kipimo hicho, ambacho wazee wengi hukikumbuka kwa kicheko, hakikuwa upuuzi mtupu, kwa maana kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa kiasi cha kiwiliwili chake na mikono hurefuka baadaye. Lakini kilipima mfupa tu, na mzazi wa leo aliyeazimu kumfundisha mwanawe nyumbani, ama kwa mwaka mmoja kabla ya shule ama kwa muda mrefu zaidi, anahitaji mizani iliyo pana kuliko hiyo.

Aghalabu mzazi huyo huanza kwa kumketisha mtoto mezani na kumhoji: hii rangi gani, hii herufi gani, hizi ngapi. Mtoto hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kuwa ujinga. Insafu hapo haipo, kwani mtoto aliyelelewa kwa adabu ya kwetu hafundishwi kushindana na wakubwa kwa maneno, na fauka ya hayo anatambua kwamba anayemwuliza analijua jibu, hata swali lenyewe likamnukia mtego. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Geneva, alionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka saba hivi, safu moja kati ya mbili zilizo sawa ikitandazwa mbele yao, husema kwamba ile iliyorefuka imekuwa na vitu vingi zaidi. Mwaka 1974 watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio hilo kwa hila ndogo: safari hii aliyeivuruga safu hakuwa mtu mzima, bali mwanasesere wa dubu aliyesingiziwa utundu, na watoto waliojibu sawasawa wakawa wengi zaidi. Yaelekea wengi wa wale wa kwanza walikuwa wakiyasoma makusudio ya mkubwa aliye mbele yao kabla ya kulisikiliza swali lake.

Robert Serpell, aliyefanya utafiti wa miaka mingi Zambia, aliwaendea Wachewa wa mashariki ya nchi hiyo na kuwauliza wakubwa ni mtoto yupi wangemchagua kumpa kazi fulani, kwa sababu huko, kama kwetu, akili ya mtoto huonekana katika kutumwa. Yeye huyo, mwaka 1979, alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo: kwa kalamu na karatasi Waingereza walitangulia, kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kuundia magari ya kuchezea, Wazambia walitangulia, na kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Basi anayempima mtoto kwa kalamu peke yake aweza kuwa anapima kama nyumba hiyo ina kalamu.

Kwa hiyo mtume mtoto. Mwambie: “Mwanangu, nenda kwa bibi, mpe shikamoo yangu, mwombe ungo na kawa, na ukirudi ufunge mlango.” Akirudi na ungo bila kawa, na mlango ukabaki wazi, umekwisha kujua kwamba kumbukumbu yake inabeba amri mbili na zinazofuata humwanguka njiani, nawe hukumtia wahaka wa mtihani. Wakati wa chakula mwambie alete vijiko vinne. Wako watoto wanaohesabu mpaka ishirini kama waimbao, ambao wakiagizwa vinne huleta vya kujaa mkono, na wengine huvihesabu vijiko barabara, moja, mbili, tatu, nne, kisha ukiwauliza “Vingapi?” huanza tena “moja, mbili…”, maana hawajang'amua kwamba neno la mwisho la kuhesabu ndilo idadi ya vyote. Mtoto wa namna hiyo hana haja ya kusukumwa mpaka mia. Ana haja ya vijiko, sahani na kokwa za mdako mpaka nne iwe nne kweli.

Katika lugha, Kiswahili kimetupa wepesi ambao hatuutumii vya kutosha, nao ni silabi zilizo wazi. Mwambie apige kofi kwa kila kipande cha neno: nyu-mba, makofi mawili, m-to-to, makofi matatu, na anayeisikia ile “m” ya mwanzo ikisimama peke yake ana sikio lililo tayari kwa kusoma. Watoto wakubwa zaidi hucheza kinyume, wakayageuza maji kuwa “jima”, mchezo ambao wazee wengine huukemea kuwa ni wa kihuni. Mimi naona ni zoezi la sauti lisilo na gharama, ingawa mtoto wa miaka minne au mitano asidaiwe kuuweza.

Mikono nayo hutazamwa kazini: kutunga asumini, kuchambua choroko, kufunga vishikizo vya kanzu, kuanza kusuka ukili. Anayekwenda chuoni kusoma Kurani na kuzoea alifu na bee huenda akaliandika jina lake kuanzia kulia. Hilo si kasoro, na hata wasiokwenda chuoni hugeuza herufi mpaka miaka sita au saba. Lakini mtoto asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, au anayetokwa na usaha masikioni, apelekwe kwa mganga wa hospitali kabla hajaitwa mzito.

Yote haya yaandikwe katika daftari kwa muda wa majuma kadhaa, kila jambo na tarehe yake, likifuatwa na moja ya maneno matatu: peke yake, kwa kuonyeshwa, bado. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki mwaka 1934, alishikilia kwamba lile awezalo mtoto leo kwa kusaidiwa ndilo mahali pa kufundishia. Kwa hiyo somo la kwanza hutolewa katika orodha ya neno la kati. Kuhusu sheria ya kufundisha nyumbani, kila mtu aulize ya nchi alipo: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, Ujerumani elimu ya nyumbani badala ya shule imekatazwa, na Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote.

Ikiwa daftari laonyesha kwamba mtoto anatenganisha silabi vyema lakini kalamu bado inamshinda, kusoma kusingojee mkono. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliwapa wadogo herufi zilizokatwa ili wazipange kabla ya kuandika; karatasi ngumu ya boksi yatosha kukata “ba” mbili za kufanyia “baba” na “ma” mbili za kufanyia “mama”, na vidole viendelee na asumini na ukili mpaka vikaze.