Kumweleza mgonjwa si kumfunza

MUUGUZI anayemkabidhi mama pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya mtoto anayeharisha huwa ametimiza nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili, ambayo aghalabu hukatizwa na foleni ndefu mlangoni, ni kuhakikisha kwamba mama huyo akifika nyumbani ataweza kuitumia dawa hiyo ipasavyo.

Si jambo dogo. Maradhi ya kuhara humuua mtoto kwa kumaliza maji na chumvi mwilini. Sukari iliyomo katika ORS husaidia utumbo kufyonza chumvi, nayo maji hufuata. Pakiti ikitiwa katika maji machache mno, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Maji yakizidi, dawa hupoteza nguvu. Isitoshe, kuna pakiti za lita moja na nyingine za nusu lita.

Ndiposa kanuni za kufunza na kujifunza zikawa sehemu ya masomo ya uuguzi. Mnamo 1956, msomi wa Marekani Benjamin Bloom na wenzake waligawa malengo ya elimu katika nyanja tatu: maarifa, mwelekeo na stadi. Kwa lugha nyepesi, somo sharti liingie kichwani, liguse moyo na lifike mikononi.

Kanuni ya kwanza ni kuanzia pale alipo mwanafunzi. Mtu mzima haji kliniki akiwa chungu kitupu. Muuguzi na amuulize: "Mama, mtoto akiharisha nyumbani huwa unampa nini?" Huenda akagundua kuwa mama humnyima mtoto maziwa na maji akidhani vitazidisha kuhara. Imani hiyo isiposahihishwa, tena bila dhihaka, hata maelezo mazuri kiasi gani yatapita tu masikioni.

Pili, ni muhimu kuchagua wakati. Mama ambaye hakulala usiku kucha, na ambaye mtoto wake bado analia mapajani, hana nafasi ya kujifunza. Mtoto ahudumiwe kwanza, kisha mama afunzwe.

Tatu, muuguzi aeleze machache, na kila agizo liambatane na sababu yake. Zinki, kwa mfano, hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Mama asiyejua kwamba dawa hiyo humkinga mtoto asiharishe tena upesi ataiacha pindi kuhara kunapokoma.

Nne, kuona kunazidi kusikia. Maji yapimwe kwa chombo ambacho mama anacho nyumbani, mathalan chupa ya nusu lita ya maji ya dukani, wala si kwa vyombo vya maabara.

Kanuni ya tano ndiyo inayosahaulika zaidi. Wauguzi wengi humaliza kwa kuuliza, "Umeelewa?" Jibu hujulikana kabla ya kutamkwa: "Ndiyo, sista." Heshima na haya humzuia mama kusema vinginevyo. Afadhali aambiwe: "Hebu nionyeshe utakavyochanganya, nijue kama nimeeleza vyema." Hapo mzigo wa kosa humwondokea mama na kuwa wa mwalimu. Akikosea, muuguzi hurudia kwa njia nyingine.

Nguvu ya kanuni hizi ilidhihirika nchini Bangladesh. Mwaka wa 1980, shirika la BRAC lilianza kutuma wanawake nyumba hadi nyumba kuwafunza akina mama kutengeneza kinywaji cha chumvi na sukari guru. Mafunzo yalifupishwa kuwa hoja chache za kukumbukwa, naye mama alichanganya kwa mikono yake mwenyewe. Malipo ya walimu yalitegemea kile ambacho akina mama walikumbuka na kuweza kutenda wakaguzi walipowatembelea baadaye. Kufikia 1990, zaidi ya nyumba milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Hata hivyo, mwanzoni ilibainika kwamba akina mama wengi waliojua kutengeneza kinywaji hicho hawakukitumia. Baadhi ya walimu wenyewe hawakukiamini, na wanaume, wenye kauli kubwa nyumbani, walikuwa wameachwa nje. Kichwa na mikono vilikuwa vimefunzwa, moyo ukasahauliwa. Waume walipohusishwa na walimu kuthibitishiwa nguvu ya tiba hiyo, matumizi yaliongezeka.

Somo hilo lingali na maana katika zahanati zetu, ambako muuguzi mmoja huhudumia umati. Kweli, hawezi kukaa na kila mama kwa nusu saa. Lakini anaweza kuwafunza kwa pamoja asubuhi wakiwa katika mabenchi, akamwomba mmoja wao achanganye dawa mbele ya wenzake, nao wakamsahihisha. Baba, nyanya au yaya aliyeandamana na mtoto pia aitwe asikie, kwa maana huenda yeye ndiye atakayeshika kikombe.

Kazi ya muuguzi haipimwi kwa wingi wa maneno aliyoyasema, bali kwa kile ambacho mama anaweza kukitenda usiku, akiwa peke yake, mbali na kituo cha afya.