Nani Atalipa? Kuchagua Chuo cha Marekani Ukiwa Kasanda

Hadi anamaliza Kidato cha Sita, kijana wa Kasanda, Wilaya ya Kakonko, huwa hajawahi kuchagua jambo kubwa la masomo yake na likawa. Shule ya kata alipangiwa. Tahasusi aliijaza kwenye Selform, akaandika PCB ya sayansi, Tamisemi ikampeleka HGL ya sanaa katika mkoa asioujua hata kwa jina la stendi yake. Kambi ya JKT atakuta jina lake limeshabandikwa. Kisha anasikia kuna nchi ambako mwombaji huandika mwenyewe vyuo anavyovitaka, na kwamba fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, iitwayo Common App, inamruhusu kuweka hadi 20. Uhuru wa ghafla kiasi hicho unaweza kumpotezea mtu mwaka mzima.

Orodha ya kwanza huandikwa kwa majina yaliyosikika: Harvard, Stanford, Yale, na kimoja cha New York kwa sababu ya New York. Sina ugomvi na majina hayo. Ugomvi wangu ni na mpangilio. Kwa mtoto wa mkulima wa maharage na muhogo wa Wilaya ya Kakonko, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo, orodha inapaswa kuandikwa kinyumenyume: kwanza nani atalipa, pili nani ataweza kuzisoma karatasi zako akakuelewa. Ubora wa chuo na uzuri wa jina vije baada ya hapo, kama nafasi itakuwa imebaki.

Gharama ya mwaka mmoja katika chuo binafsi chenye jina, ukijumlisha ada, chumba, chakula na bima, imeshapita dola 80,000. Dola ikiwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 200, na shahada ya kwanza ni miaka minne. Bodi ya Mikopo hukopesha hasa wanaosoma vyuo vya ndani. Ng'ombe wa ukoo mzima hawafiki.

Hapo ndipo wengi hukimbilia vyuo vya serikali, kwa imani kwamba cha serikali ni cha nafuu. Kule serikali yenyewe ni ya jimbo, na nafuu ni ya mkazi wa jimbo. Chuo Kikuu cha California, pamoja na matawi yake maarufu ya Berkeley na Los Angeles, hakimpi mgeni wa shahada ya kwanza msaada unaotokana na uhitaji wake. Ni vyuo vikubwa, vina maabara ambazo profesa wa hapa angezililia, na vinafaa kufutwa kwenye orodha ya kijana huyu jioni ya kwanza kabisa.

Vinavyobaki ni vyuo binafsi, navyo havifanani. Vichache havitazami mfuko wa mwombaji wakati wa kuamua, hata akiwa mgeni, na vikishampokea vinaziba pengo lote la fedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimefanya hivyo kwa muda mrefu. Dartmouth na Bowdoin vilijiunga 2022, Brown kikafuata kwa walioingia 2025. Mtu akisikia hivyo hudhani ameshapata. Lakini Harvard hupokea watu chini ya 5 katika kila 100 wanaoomba, na hao 95 wengine nao waliongoza shuleni kwao. Chuo kisichouona umaskini wako hakiwezi pia kukuonea huruma kwa ajili yake.

Kundi la pili linautazama mfuko. Macalester cha Minnesota, alikohitimu Kofi Annan mwaka 1961, ni mfano. Swarthmore cha Pennsylvania ni mwingine. Humo kila dola unayoiomba inakuhesabia kidogo dhidi yako wakati wa kuamua, ila wakisema ndiyo wanalipa pengo lote. Wengi hudharau vyuo hivi kwa sababu havina timu ya mpira wa kikapu inayoonyeshwa kwenye televisheni. Ndivyo vyenye madarasa madogo, na ndivyo ambavyo ofisa wake wa udahili anaweza kweli kukaa na faili lako hadi mwisho.

Kundi la tatu ndilo linaloumiza, kwa sababu linakubali. Linatuma barua ya pongezi na ufadhili wa dola 20,000 kwa mwaka. Kijijini hizo ni habari za kuchinjiwa mbuzi. Halafu unasoma ukurasa wa pili: zilizobaki, dola 40,000 au zaidi, ni zako, na bila kuonyesha fedha ya mwaka wa kwanza chuo hakitoi I-20, ile karatasi ambayo bila yake hakuna maombi ya viza ya masomo. Kamati ya harambee huundwa, mbunge huandikiwa, na Agosti hufika. Nafasi iliyopatikana bila fedha ni gharama tu ya kuchapisha barua, na orodha nzuri haipaswi kuwa na chuo hata kimoja cha namna hiyo, hata kama kinapokea kwa ukarimu.

Kando ya makundi hayo matatu, nitakaa kidogo kwenye Berea, chuo cha mji mdogo wa Kentucky kilichoanzishwa 1855. Hakitozi wanafunzi wake ada ya masomo, na kimefanya hivyo tangu 1892. Kila mwanafunzi, awe mtoto wa hapo hapo milimani au wa kutoka ng'ambo, hupewa kazi ya saa 10 kwa wiki au zaidi: bustanini, jikoni, karakana ya useremala, maktaba. Wageni wanaopokelewa kila mwaka ni wachache mno, kadiri ya darasa moja la shule ya kata siku ya mvua, na gharama zao za mwaka wa kwanza hulipwa zote. Chuo hiki kinatafuta hasa watoto wa familia zisizo na kitu. Kwingi kwingineko umaskini ni kasoro unayojaribu kuieleza kwa heshima. Hapa ni sharti la kuingia. Nikiambiwa nimtajie mtu wa Kasanda chuo kimoja tu, nitataja hiki, na najua atasikitika kwamba binamu zake wa Mwanza hawajawahi kukisikia.

Sasa karatasi. Mfumo wetu unahesabu kwenda chini: Division I ya pointi 7 ndiyo kilele cha Kidato cha Nne, na ofisa wa Iowa anayeona 7 anaweza kudhani ni saba kati ya mia. Zamani Baraza la Mitihani lilitangaza wanafunzi bora kitaifa, na kipande cha gazeti kingeweza kuambatanishwa. Tangu Januari 2023 halitangazi tena. Uamuzi huo una hoja zake, ila umemwondolea mtoto wa pembezoni ushahidi pekee ambao mgeni angeuelewa bila kufafanuliwa.

Kisha barua ya mapendekezo. Mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, huandika: "Aliyetajwa hapo juu ni mwanafunzi mtiifu, mwenye nidhamu, na hajawahi kujihusisha na migomo." Kwa desturi zetu hiyo ni sifa kamili. Msomaji wa Marekani anaona ukurasa mtupu wenye muhuri. Anataka kujua kwamba mtoto huyu aliwafundisha wenzake hesabu za kinyume cha matriki wakati shule haikuwa na mwalimu wa hesabu mihula miwili, au alitunza mizinga ya nyuki ya babu yake na kuandika daftari la mavuno. Mambo hayo yapo Kasanda tele. Hakuna aliyemwambia mwalimu kwamba yanaandikwa. Mwalimu akiambiwa, huandika vizuri, na kwa kutumia kile kishikwambi alichogawiwa baada ya sensa ya 2022 anaweza hata kuipakia barua mwenyewe.

Maana vinginevyo kazi yote inafanyika steshenari. Kijana anasimama kaunta Kakonko mjini, mhudumu anamfungulia baruapepe kwa namba ya simu ya mhudumu, nywila inaandikwa nyuma ya daftari la kumbukumbu za fotokopi. Kwa maombi ya mkopo wa ndani mtindo huo hufanya kazi kiasi. Kwa chuo kinachoandika Desemba kuuliza karatasi iliyopungua, na kutaka jibu ndani ya siku kumi, ni hatari, hasa mhudumu akihamia Kahama.

Mitihani nayo inachuja orodha. Wakati wa janga la korona vyuo vingi viliifanya SAT, mtihani wa kuombea chuo, kuwa hiari. MIT kilirudisha sharti 2022, Yale, Dartmouth, Brown na Harvard vikafuata 2024. Kutoka Kakonko kuifanya Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Kwa hiyo chuo kinachoacha hiari kina thamani ya ziada ambayo haiandikwi kwenye jedwali lolote la ubora. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo unafanywa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, katika chumba kisicho na mtu mwingine wala sauti. Kiingereza kinaweza kupatikana. Chumba hicho ndicho kigumu.

Kalenda ni mtego mwingine. Maombi hufungwa kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari. Mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei, matokeo Julai. Anayeomba akiwa darasani anatumia matokeo ya Kidato cha Nne na makisio ya walimu. Anayesubiri matokeo anakaa nyumbani mwaka mzima, akiulizwa kila Jumapili baada ya misa kwa nini hajaenda chuo. Shinikizo hilo humfanya achukue nafasi ya ndani huku akiendelea kuomba. Wachache wanajua kwamba aliyekwishasajiliwa chuo kingine mara nyingi huhesabiwa kama mhamiaji wa kitaaluma, foleni yenye fedha kidogo zaidi.

Ukitazama nyuma, karibu hakuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kuchagua peke yake. Ndege iliyoratibiwa na Tom Mboya iliondoka Nairobi kwenda Marekani Septemba 1959 na wanafunzi 81, na hadi 1963 mpango wake ulikuwa umepeleka karibu 800. Wangari Maathai aliingia mpangoni 1960, akafikia Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista katika mji wa Atchison, Kansas. Hakuwa amekichagua kwenye jedwali. Njia ya kufika huko ilipitia Kanisa Katoliki, lililoendesha shule aliyosoma Kenya. Chuo ambacho hakuna aliyekiota kilimpa shahada ya biolojia mwaka 1964, na Nobeli ikaja 2004. Katika Bonde la Ufa, mwanariadha Mike Boit na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP mwaka 2004, wakawachukua watoto waliofaulu wa vijijini, wakawafundisha namna ya kuomba, na wakawaingiza Harvard na wenzake. Buha, nchi yetu ya Waha, haijawahi kuwa na kitu kama hicho. Wakala wa safari ndefu aliyefika kwa mpangilio alikuwa wa SILABU, ofisi ya enzi za ukoloni iliyowaajiri wanaume kwenda mashamba ya mkonge, naye hakuwa na fomu ya vyuo ishirini.

Ajabu ni kwamba jirani zetu wa kambini walisafiri. Warundi waliokimbia nchi yao 1972 na Wakongo wa kambi ya Nyarugusu walihamishiwa Marekani kwa maelfu, hadi mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025. Watoto wao leo huomba msaada wa serikali ya Marekani kama wakazi, wakati mtoto wa kijiji kilichowapa wazazi wao muhogo na kuni anaomba kama mgeni.

Na sasa mlango wenyewe. Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za masomo kwa Warundi. Watu wa Kasanda, ambao Kiha chao na Kirundi vinasikilizana, walizipokea habari hizo kama za jirani. Desemba mwaka huo huo Tanzania ikaongezwa kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa, na zuio lake likaanza tarehe 1 Januari 2026. Sababu iliyotolewa ni watu wanaobaki kupita muda wa viza zao. Kwa hiyo anayeandika orodha leo anaomba nafasi kwenye nyumba ambayo huenda asiruhusiwe kufika uani.

Sioni kwamba hiyo ni hoja ya kuacha. Aliye Kidato cha Tano sasa ana zaidi ya mwaka kabla ya safari, na mazuio ya aina hii yamewahi kubadilika. Lakini inabadili orodha. Nafasi tatu au nne kati ya ishirini zihamie nje ya Marekani: Ashesi cha Berekuso, Ghana, alichokianzisha Patrick Awuah 2002 baada ya kusoma Swarthmore; au USIU-Africa cha Nairobi, kilichoanza 1969 kama tawi la chuo cha California na ambacho bado kina ithibati ya Marekani. Mpango wa ufadhili wa masomo wa Mfuko wa Mastercard, ambao 2012 ulianza kwa kushirikiana pia na vyuo vikubwa vya Marekani, sasa umeelekeza nguvu zake nyingi barani humu. Basi la Nairobi halihitaji I-20.

Kwa vile vya Marekani vitakavyobaki, kuna swali la kijana kuuliza kwa baruapepe kabla ya kujaza lolote, kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe na si ya steshenari: nikipokewa na viza ikakosekana, je, nafasi na msaada wote vitanisubiri mwaka mmoja? Vyuo vingine hujibu kwa sentensi mbili zilizo wazi. Vingine huzunguka kwa aya tatu za kumtakia heri. Hivyo vya pili avifute siku hiyo hiyo, kabla hajamsumbua mwalimu kwa barua nyingine.