MPUNGATE NA MNYAA SI UKOO MMOJA

Tazama ua wa nyumba yako. Tazama na makopo ya maua barazani. Huenda utaona mimea minene, yenye maji ndani, isiyokufa hata wakati wa kiangazi. Watu wengi huiita yote dungusi. Lakini sivyo. Mingine ni dungusi, mingine siyo. Tujifunze kuitambua, maana maziwa ya baadhi yake huunguza macho.

KWA NINI INAFANANA?

Mimea hii huweza kuishi mahali pakavu. Huweka akiba ya maji katika shina au majani. Mingi ina miiba ya kujikinga na wanyama. Ndiyo sababu inafanana.

Mpungate ni dungusi. Asili yake ni bara la Amerika. Mnyaa si dungusi. Huo ni mmea wa hapa hapa Afrika.

JINSI YA KUITAMBUA

Kwanza, tazama miiba. Miiba ya dungusi hutoka katika vidoa vidogo vyenye manyoya, kama vipande vya pamba. Mnyaa hauna vidoa hivyo. Mnyaa wa ua una vijiti vya kijani, vinene kama penseli, na hauna miiba. Lakini una ndugu yake, mti mkubwa wenye matawi yaliyosimama kama kinara cha taa. Huo una miiba miwili miwili.

Pili, tazama majani. Mshubiri una majani manene, na miiba iko kingoni mwa majani. Huo pia si dungusi.

Tatu, tazama utomvu. Usivunje kwa mkono. Choma kidogo kwa ncha ya kijiti, uso ukiwa mbali. Mnyaa hutoa maziwa meupe mara moja. Mpungate hautoi maziwa. Mshubiri hutoa maji ya manjano, machungu sana.

MAZIWA YA MNYAA NI HATARI

Maziwa haya yakiingia jichoni, jicho huuma sana na kuvimba. Mtu anaweza asione kwa muda. Yakimpata mtoto, fanya hivi:

1. Usimwache asugue jicho.
2. Osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi.
3. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Unapopunguza ua wa mnyaa, vaa nguo ya mikono mirefu. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Osha na panga.

MPUNGATE NAO UNA MADHARA

Tunda la mpungate huliwa. Lakini lina vinyweleo vidogo vikali. Mbuzi akilila bila kusafishwa, vinyweleo humchoma mdomoni na kumtia vidonda. Huko Laikipia, nchini Kenya, mpungate umefunika sehemu kubwa za malisho, na wafugaji wamepata hasara.

Kipande kimoja tu cha mpungate kikianguka, huota. Kwa hiyo usitupe vipande malishoni wala mtoni. Chimba shimo refu, uvifukie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ua wa nyumba yako ni wa mmea gani? Umejuaje?
2. Watoto wenu huchezea wapi?
3. Jirani akiingiwa na maziwa ya mnyaa jichoni, utamsaidiaje?