Lenzi ya Mikumi haitoshi Mang'ula

Wanaotoka Dar es Salaam kutembelea hifadhi za Morogoro mara nyingi huunganisha Mikumi na Udzungwa katika safari moja. Ni ratiba nzuri. Kutoka mji wa Mikumi hadi Mang'ula, lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ni kilomita kama 60 tu, ukipita Kidatu na mashamba ya miwa. Tatizo limo ndani ya begi la kamera: lenzi moja ndefu iliyotafutwa kwa ajili ya simba na tembo, ambayo ikifika msituni inageuka mzigo.

Mikumi ni tambarare ya nyasi. Unapiga picha ukiwa garini, jua linawaka, mnyama yuko mbali. Hapo zumu ya milimita 100 hadi 400 ni chombo sahihi kabisa. Iegemeze dirishani juu ya mfuko mdogo wa maharage, nawe utapata picha safi hata kama mwanya wa lenzi ni mdogo.

Udzungwa, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, inatembelewa kwa miguu. Kila ulichobeba kinapanda mlima nawe. Juu yako miti imefumana, na mwanga unaofika chini ni sehemu ndogo sana ya ule uliouacha langoni. Humo ndimo wanamoishi mbega wekundu wa Udzungwa na mangabei wa Sanje, kima aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 na ambaye hapatikani popote nje ya milima hii.

Sasa tazama namba iliyoandikwa kwenye lenzi yako baada ya herufi f. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo mwanya unavyokuwa mpana. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, na ya f/1.8 inakaribia mara kumi. Chini ya miti, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Mahali ambapo f/5.6 inalazimisha shata ikae wazi kwa 1/50 ya sekunde, f/2.8 inakuruhusu kupiga kwa 1/200. Na kuna kanuni ya zamani kwa anayeshika kamera mkononi: lenzi ya milimita 400 inahitaji walau 1/400 ya sekunde ili mtikisiko wa mkono usionekane. Kwa hiyo zumu ndefu ya kawaida inakupunja mara mbili, maana inataka kasi zaidi huku ikiingiza mwanga kidogo. Kidhibiti mtikisiko kilichomo ndani yake kitatuliza mkono wako, lakini hakiwezi kumtuliza mbega anayeruka. Nawe ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kupita kiasi, picha inajaa chembechembe.

Ushauri wangu ni milimita 85 yenye f/1.8. Ni nyepesi, bei yake inavumilika kuliko ya zumu kubwa, na kwenye kamera nyingi zenye sensa ndogo inavuta karibu kama milimita 130. Mwenye fedha na mgongo imara abebe 70 hadi 200 ya f/2.8, ila ajue uzito wake unafikia kama kilo moja na nusu. Mnyama akitokea mdogo kwenye picha, unaweza kuikata baadaye nyumbani. Picha iliyocheza haina dawa.

Maporomoko ya Sanje, humo humo Udzungwa, yanashuka mita 170, na yanataka lenzi pana, milimita 24 au chini yake. Hata simu nzuri inatosha. Ukitaka maji yaonekane laini, weka stendi, acha shata wazi kwa nusu sekunde, na funga kichujio cha kupunguza mng'ao wa majani mabichi. Ukirudi chini ya miti kiondoe, kwa sababu kinakula zaidi ya nusu ya mwanga.

Anayedhani ukaribu hununuliwa kwa urefu wa lenzi amkumbuke sange mkubwa mwenye uso wa kijivu. Picha zake za kwanza zilipatikana mwaka 2005 kwa kamera za mtego alizotega mtafiti Francesco Rovero katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima hiyo hiyo ya Udzungwa, na mwaka 2008 akatambulishwa rasmi kuwa spishi mpya. Kamera za namna hiyo huwa na lenzi fupi. Siri yake ni kuwekwa mahali ambapo mnyama hupita.

Kwa binadamu, lenzi fupi ina faida nyingine ninayoithamini sana. Ukiwa na milimita 35 au 50 huwezi kumpiga mkulima wa mpunga picha ya wizi kutoka barabarani. Lazima usogee, umwamkie, umwombe ruhusa, naye akikataa uondoke kwa heshima.

Unyevu wa bonde la Kilombero, lililo chini ya milima hiyo, nao si wa kupuuza, kwani kuvu huota ndani ya vioo. Weka pakiti za kufyonza unyevu ndani ya begi, na ukifika nyumbani zitoe lenzi zipate hewa.

Kama fedha yako inatosha lenzi moja tu, kodi ile ndefu kwa siku zako za Mikumi, na ununue ile fupi yenye mwanya mpana. Hiyo utaitumia pia sebuleni, arusini na kwenye picha za watoto wako.