SEVA INAPOGANDA KAZI IKIZIDI

Sisi wa Budalang'i tunajua vizuri kwamba ufa katika kingo za Mto Nzoia hauonekani wakati wa kiangazi. Huonekana maji yakijaa, kama ilivyokuwa mwaka 2003, 2008 na hata 2020. Mitambo nayo ni vivyo hivyo. Leo nataka kueleza ugonjwa wa kompyuta unaojitokeza kazi inapozidi tu, na namna ya kuutafuta bila kubahatisha.

Kwanza, seva ni nini? Ni kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima ili kompyuta nyingine ziyachukue hapo. Kwa kuwa diski huharibika, seva nyingi hutumia diski kadhaa kwa mpango uitwao reidi. Jina hilo lilienezwa na makala ya mwaka 1988 ya Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Siri yake ni hesabu. Chukua diski tatu: ya kwanza ina 5, ya pili ina 3, na ya tatu ina jumla yao, yaani 8. Ya pili ikifa, 8 toa 5 ni 3, hakuna kilichopotea. Hesabu ya mashine yenyewe ni tofauti kidogo, lakini wazo ni hilo. Mara nyingi anayeipiga ni kadi maalumu iliyochomekwa ndani ya seva. Kadi hiyo ndiyo nahodha. Akizimia, diski zote husimama hata kama ni nzima.

Likizo moja niliandamana na mjomba wangu, fundi wa kompyuta mjini Busia, hadi shule moja ya huku kwetu. Seva yao ilishika rekodi za karo. Kuna wazazi ambao stakabadhi zao zilichukuliwa na mafuriko, na ushahidi pekee kwamba walilipa ulikuwa humo ndani. Asubuhi, karani akitafuta jina moja moja, mambo shwari. Jioni akianza kunakili rekodi zote kwa pamoja, baada ya kama dakika 20 kila kitu kinaganda. Taa za diski zinabaki zimewaka tu, hazipepesi. Ukizima na kuwasha, inaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu walikwisha kuamua: "Diski imekufa, tununue nyingine." Mjomba akakataa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuokoa rekodi. Alizinakili kidogo kidogo, huku akiipumzisha seva, hadi zote zikawa kwenye diski ya nje. Mgonjwa hapasuliwi kabla mali yake haijawekwa salama.

Pili, alisoma daftari la matukio la kadi yenyewe, ambalo ni tofauti na lile la kompyuta. Humo kadi ilikuwa imelalamika kwamba diski hazijibu kwa wakati. Lakini tazama: mara ni diski ya kwanza, mara ya tatu, mara ya pili. Ingekuwa ni moja tu kila siku, tungeishuku hiyo. Zikilalamikiwa zote kwa zamu, basi kosa liko katika kitu zinachokishiriki: waya, umeme, joto au kadi.

Tatu, tulijaribu kimoja kimoja. "Tusibadilishe vitu viwili kwa mpigo," mjomba aliniambia, "maanake ikipona hatutajua dawa ilikuwa ipi." Tukabadilisha waya; ikaganda. Tukabadilisha kifaa cha kuipa umeme; ikaganda. Tukaielekezea kadi feni ya mezani; ikanakili saa tatu nzima bila kukwama. Tukaondoa feni, ikaganda tena. Hapo ndipo tulipoamini.

Kumbe feni ya ndani ilikuwa imezibwa na vumbi, tena mtu alikuwa ameuondoa mfuniko wa seva ati ipate hewa. Kinyume chake, mfuniko ndio unaoelekeza upepo upite juu ya kadi. Tuliweka feni mpya, tukarudisha mfuniko, tukaiacha inakili usiku kucha. Asubuhi tuliikuta ingali kazini.

Lakini si kila kuganda ni joto. Diski za kawaida za nyumbani zikikuta sehemu mbovu zinaweza kung'ang'ana kuisoma kwa muda mrefu, na kadi ikadhani zimekufa. Za seva huacha baada ya kama sekunde 7 ili kadi ikamilishe kwa hesabu. Pengine programu iliyo ndani ya kadi ni ya zamani na yataka kusasishwa. Pengine betri inayolinda kumbukumbu ya kadi imechoka. Hapo kadi nyingi huandika moja kwa moja kwenye diski, na seva huwa nzito mno. Uzito si kuganda, usivichanganye.

Tahadhari mbili. Usichomoe diski bila kuzitia namba, wala usikubali kadi ikuulizapo kama ianzishe upya mpango wa diski, kwani waweza kufuta kila kitu. Na reidi si nakala: haikingi wizi, moto wala maji. Weka nakala mahali pengine, palipoinuka. Na mkiona seva yenu imeganda hata mara moja tu, msizime na kuwasha mkasahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta.