Kwa Nini Muuguzi Anavaa Glavu?

Pengine ulimleta mtoto wako atolewe damu, ukaona muuguzi anavaa glavu kwanza. Moyo wako ukauma. Ukajiuliza, "Je, anadhani tuna Sida?" Sivyo. Amefanya kama alivyofundishwa, naye angefanya vivyo hivyo kwa mke wa mchungaji.

Kila mfanyakazi wa hospitali lazima ajifunze jambo hili, hata yule afuaye mashuka na yule achomaye takataka. Somo la kwanza ni hili: damu ya kila mtu ihesabiwe kuwa na hatari. Kwa sababu gani? Macho hayaoni virusi. Mwaka 1976 ugonjwa wa Ebola ulipotokea Yambuku, kaskazini ya nchi yetu, waganga walikusanya damu za watu wa vijiji vile, wakazitunza. Wakati ule hakuna aliyejua jina la Sida. Miaka ikapita, damu za watu 659 zikapimwa, na 5 zilikuwa na virusi vya Sida. Nani angaliwatambua kwa kuwatazama?

Hatari kubwa ya muuguzi ni sindano iliyokwisha kutumika. Zamani wengi walijichoma walipoirudishia kifuniko. Sasa wanafundishwa waitupe mara moja katika sanduku gumu. Kati ya watu 1,000 wachomwao na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, kadiri ya 3 huambukizwa. Ni wachache, ndiyo, ila kila mmoja ana watoto nyumbani.

Kuna somo gumu zaidi, nalo ni kusema. Muuguzi aliyejichoma huona haya. Anamwogopa mkubwa wake, tena anaogopa maswali ya mumewe. Basi ananyamaza. Lakini dawa za kuzuia Sida zianzwe upesi, heri saa ile ile, wala zisipite saa 72, kisha zimezwe kila siku kwa siku 28. Akificha siku nne, amechelewa. Aoshe pale alipochomwa kwa maji na sabuni, asipakamue, aende kusema. Na mkubwa anayemgombeza siku ile anawafundisha wengine wote kuficha.

Na wewe mgonjwa, omba sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukimwuguza ndugu yako, omba glavu kabla ya kufua nguo zenye damu. Usiache watoto waokote mabomba ya sindano wayachezee. Tena usimlazimishe muuguzi akupige sindano ikiwa vidonge vinatosha. Twajua wengi hudhani dawa isiyouma haina nguvu! Lakini kidonge hakimchomi mtu kidole.

Ukiona sindano imeachwa juu ya meza au kitandani, usiiguse. Mwite muuguzi. Hatutakasirika.