Mazoezi ya Viungo Ukumbini: Nani Amebaki Nje?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanza na maungamo. Mwaka 2023 sisi wa kamati ya afya ya parokia tulianzisha mazoezi ya viungo katika ukumbi wa parokia, kila Jumamosi saa 12 asubuhi. Tangazo lilisomwa katika Misa zote mbili. Juma la kwanza walifika watu 43, wengi wao akina mama wa WAWATA na wazee. Tukafurahi, tukampongeza kijana aliyekuwa akifundisha, tukaenda zetu. Juma la tano walibaki 9, wote vijana wa kwaya, ambao kusema kweli walikuwa na afya njema hata kabla hatujawaita.

Mwanzoni tulisema watu ni wavivu. Ndivyo tusemavyo kila jambo letu linapokosa watu. Bahati njema katekista wetu hakukubali. Alishauri twende jumuiya kwa jumuiya tukawaulize wenyewe, nasi tukaenda, ingawa kwa shingo upande.

Mama mmoja mjane, mwenye ugonjwa wa kisukari, alikuwa ameagizwa na daktari afanye mazoezi. Alitueleza kwamba mwalimu alimwita "bonge letu" mbele ya watu, tena kwa nia ya kumtia moyo, na ukumbi mzima ukacheka. Yeye naye akacheka. Hakurudi. "Nilikuja kutafuta afya, wanangu," alisema, "sikuja kuwachekesha." Wawili kati yetu tulikuwamo ukumbini siku ile, na tulicheka.

Mzee mmoja alisema aliketi sakafuni kama alivyoambiwa, kisha magoti yakakataa kumwinua hadi vijana wakamvuta mikono. Kijana atembeaye kwa magongo alisimama pembeni saa nzima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afanye nini. Dada mmoja asiyesikia alikuwa akifuata kwa macho, lakini mwalimu alipogeuka kuwapa watu mgongo, naye akapotea. Wengine hawakuwa na suruali za michezo, wakaona haya kuja na khanga. Na saa 12 ni saa ya maji bombani.

Lipo jambo jingine ambalo mama mmoja alimnong'oneza mama mwenzake wa kamati tu: kwamba akiruka, mkojo unamtoka. Tunaliandika hapa kwa ruhusa yake, maana wengi wanalo na wanadhani wako peke yao. Mimba na kuzaa hulegeza misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu. Misuli hiyo hufundishika. Mama akaze kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu hadi 5, alegeze, arudie mara 10, na afanye hivyo mara tatu kwa siku, akiwa amekaa au amelala, bila kubana pumzi. Asijaribu wakati anakojoa. Aendelee miezi mitatu. Asipoona nafuu aende kliniki. Na mwalimu yeyote mwenye akina mama mbele yake asiwalazimishe kuruka.

Baada ya ziara hizo tulianza upya. Saa tuliisogeza hadi 2 asubuhi, na tukatangaza kwamba kila mtu aje na nguo yoyote anayoweza kuinulia mikono. Kubwa zaidi, tuliingiza viti. Sasa kila zoezi huanzia kwenye kiti kwa watu wote, wakiwamo vijana wa kwaya, halafu atakaye kuongeza huongeza. Zamani mwalimu alisema, "Walioshindwa wafanye hivi." Neno hilo tumelikataza.

Chukua mfano wa kuinuka na kuketi, zoezi ambalo mtu mzima anaweza kulianza leo nyumbani. Kiti kiwe imara, kiegemee ukuta. Kaa karibu na ukingo, nyayo zote ziguse chini, uinamie mbele kidogo, kisha inuka huku ukitoa pumzi, uketi taratibu bila kujibwaga. Fanya mara 8, pumzika, rudia. Mwenye magoti mabovu aweke mto juu ya kiti au ajisukume kwa mikono. Mwenye nguvu akunje mikono kifuani. Aliye kwenye kiti cha magurudumu afunge breki na ainue chupa mbili za maji za nusu lita, ambazo ni nusu kilo kila moja. Wote wako katika zoezi moja, kwa hesabu moja. Baadaye husimama nyuma ya viti vyao, wakashika mgongo wa kiti na kuinua mguu mmoja kwa kuhesabu hadi 10, ili wazee wajizoeze kutoanguka.

Mwalimu huwatazama watu usoni, na hutaja kila tendo kwa maneno kwa ajili ya wasioona vizuri. Hamgusi mtu kabla ya kuomba ruhusa. Mlangoni mmoja wetu humwuliza kila mgeni kwa sauti ya chini kama kuna mahali panapomwuma, kama ana presha au sukari, kama ni mjamzito. Wenye presha huambiwa wasibane pumzi na wasiinuke ghafla. Wanaotumia insulini huja wamekula, wamevaa viatu, na mfukoni wana peremende au sukari. Mjamzito halazwi chali. Anayebanwa kifua, anayeona kizunguzungu, au mjamzito anayetokwa na damu au maji, huacha papo hapo na kupelekwa hospitali.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi ya dakika 150 hadi 300 kwa juma, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi. Mwongozo huo ndio wa kwanza wa Shirika hilo kuwa na sehemu yao hasa walemavu, nao unasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mazoezi ya kiasi ni yale ambayo unaweza kuongea ukiwa unayafanya, lakini kuimba huwezi. Kwetu kipimo hiki ni rahisi: wanakwaya hujaribu, wakashindwa.

Baadhi ya waamini walituuliza kama huku kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole si yoga, na kama Mkatoliki anaruhusiwa. Swali ni la haki. Yoga ilianzia India, na asili yake ina mambo ya dini. Barua iliyotolewa tarehe 15 Oktoba 1989 na ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mafundisho ya imani, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI, haikutupilia mbali kila njia itokayo dini nyingine. Ilionya tusichukue raha ya mwili uliotulia tukaihesabu kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Sisi tunanyoosha mgongo ili mgongo unyooke, basi. Sala ya Baba Yetu husaliwa kabla ya kuanza. Majirani zetu Waislamu huingia baada ya sala, na hakuna anayewauliza kwa nini wamechelewa.

Jumamosi iliyopita viti 30 vya ukumbi havikutosha, tukaazima mabenchi ya shule ya chekechea, mafupi mno kwa wazee. Tunaomba mwenye viti imara visivyotumika atukopeshe. Kijana wa magongo sasa ndiye anayehesabu. Yule mama mjane bado hajarudi. Tumemwendea mara mbili kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akasema atafikiri. Tumesikia kwamba huwa anatembea peke yake alfajiri hadi njia panda na kurudi. Jumamosi hii mmoja wetu atamwomba watembee pamoja.